Tovuti ya Karakana ya Samani: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Biashara Ndogo

Fundi wa Keko, jijini Dar es Salaam, akiwa na randa mkononi hupokea simu ambayo tayari anajua itauliza nini. Kitanda cha sita kwa sita ni bei gani? Ni mninga au mkongo? Kinachukua siku ngapi? Advansi ni kiasi gani? Mnaleta mpaka Kibaha? Anaiweka randa chini, anaeleza yote, anatuma picha tatu kwa WhatsApp, mteja anasema atarudi, na kabla vumbi la mbao halijatua simu inaita tena kwa maswali yale yale kutoka kwa mtu mwingine. Nimetunza daftari la hesabu la karakana ya mjomba wangu kwa miaka kadhaa, nikiwa nimekaa mita chache kutoka kwenye meza yake ya kazi, na nimejiridhisha kwamba sehemu kubwa ya siku ya fundi huliwa na maelezo ambayo yangeweza kuandikwa mara moja na kusomwa na kila mwenye kuyahitaji.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya tovuti kwa biashara ndogo, nayo husahaulika kwa sababu watu hudhani tovuti ni pambo la kampuni kubwa. Tovuti ni mahali pa kudumu ambapo maswali ya mteja hujibiwa wakati wewe uko kazini, umelala au uko msibani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijenga hatua kwa hatua, kwa mfano wa karakana ya samani, kwa kuwa ndiyo biashara ninayoifahamu kwa undani. Mwenye nyumba ya wageni Pangani au mshonaji wa sare za shule Morogoro atapita njia hiyo hiyo kwa kubadilisha bidhaa tu.

Tovuti inaongeza nini juu ya Instagram na WhatsApp

Wafanyabiashara wengi watasema kwamba tayari wana ukurasa wa Instagram wenye wafuasi elfu kadhaa na kwamba kila asubuhi wanapandisha picha kwenye status. Hayo ni mambo mema na simshauri mtu ayaache. Hata hivyo, picha iliyopandishwa mwezi wa tatu huwa imezama chini ya nyingine mia ifikapo mwezi wa tisa, na bei iliyoandikwa chini yake, kama iliandikwa, huwa imepitwa na wakati bila mtu kuirekebisha. Isitoshe, status huonwa na walio na namba yako na picha za Instagram huwafikia zaidi wanaokufuata, ilhali mteja mgeni anayetafuta kabati la nguo la milango mitatu hajui jina lako wala la mjomba wangu. Anachojua ni haja yake, naye huiandika Google kama ilivyo.

Yuko pia mteja aliye mbali. Mtanzania anayefanya kazi Muscat au Minneapolis na ambaye nyumba yake ya Kigamboni imefikia hatua ya samani hawezi kupita Keko kupapasa mbao. Kwa aliye Minneapolis, mara nyingi nafasi ya kukaa na simu ni usiku wetu wa manane, wakati ambapo hakuna wa kumjibu, na asipopata vipimo, aina ya mbao na utaratibu wa malipo mahali panaposomeka, atamwachia ndugu yake jukumu la kununua popote.

Jambo la tatu ni umiliki, na hapa naomba msomaji atulie. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ni frem ya kupanga ambayo mkataba wake umeandikwa na mwenye jengo peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa 6, kwetu ikiwa ni kuanzia jioni hadi usiku wa manane, na mwenye biashara aliyetegemea hizo tu hakuwa na pa kumpeleka mteja. Nchini Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kufungwa huko kuliendelea kwa miaka, hivyo aliyekuwa amejenga jina lake lote humo ilimlazimu kuanza upya au kuwategemea wateja wenye VPN, yaani programu ya kukwepa kizuizi hicho. Hata huduma ya Google iliyowapa wafanyabiashara wadogo tovuti ya bure yenye anwani ya business.site ilisimamishwa Machi 2024, na kila kadi, kibao na risiti iliyochapishwa anwani hiyo ikabaki karatasi tu. Mwenye jina lake mwenyewe la mtandaoni huhamisha mizigo yake kutoka seva moja (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwenda nyingine, na mteja huendelea kubisha mlango ule ule.

Si kila biashara inahitaji tovuti leo. Mama lishe anayewauzia mafundi wa karakana ile ile atanufaika zaidi na kuonekana kwenye ramani ya Google kuliko na kurasa tano za maelezo. Kipimo ninachokitumia ni hiki: kama mteja wako huuliza maswali zaidi ya mawili kabla ya kununua, au kama huweza kutoka nje ya mtaa wako, tovuti itakulipa.

Hatua ya kwanza: kusanya maswali kwa wiki mbili

Kabla ya kumtafuta mtengenezaji au kulipia chochote, nunua daftari la kurasa 48 na liweke karibu na simu. Kwa wiki mbili, kila swali linaloulizwa na mteja liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, bila kulinyoosha. Mteja akisema «kabati la vyombo la ukutani», usiandike «samani za jikoni», kwa sababu maneno yake ndiyo atakayoyatumia mteja mwingine kutafuta. Katika daftari letu swali lililoongoza halikuwa bei, kama nilivyotarajia, bali lilikuwa «hiyo mninga ni kweli au mmepaka rangi?», na jambo hilo lilibadilisha kabisa namna tulivyoandika kurasa zetu.

Wiki mbili zikiisha, yapange maswali kwa mafungu. Mafungu hayo ndiyo kurasa za tovuti yako, na mwenye biashara anayeruka hatua hii huishia kulipia tovuti nzuri ya macho inayosema «karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni bora» na kumwacha mteja apige simu kuuliza yale yale.

Hatua ya pili: jina, na nani analimiliki

Jina la kikoa ni anwani ambayo mteja huiandika ili kufika kwako, kwa mfano jina linaloishia na .co.tz kwa biashara ya Tanzania au .co.ke kwa biashara ya Kenya. Majina ya .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na yale ya .ke yako chini ya KeNIC. Ada yake hulipwa kwa mwaka, na kwa jina la kawaida la .co.tz ni makumi ya maelfu ya shilingi, si mamia ya maelfu. Anayekutajia zaidi anakuuzia na mambo mengine, na ni haki yako kuyauliza moja moja. Mwenye nyumba ya wageni anaweza pia kuangalia majina yanayoishia na .hotel.tz.

Jina zuri ni lile linaloweza kutamkwa kwa simu, katikati ya kelele za msumeno, na mtu wa upande wa pili akaliandika bila kuuliza tena. Lijaribu kwa watu watatu: watamkie, kisha watazame wanavyoliandika. Neno la Kiswahili lenye tahajia iliyonyooka, kama «samani» au «karakana», hushinda neno la Kiingereza ambalo kila mtu huliandika kivyake. Epuka kistari katikati ya maneno, epuka tarakimu badala ya herufi, na jitahidi jina lilingane na lile ulilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa kuwa mteja mwangalifu hulinganisha.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona likiwagharimu watu kuliko yote. Karakana ya jirani yetu ilimlipa kijana aijengee tovuti, naye, pengine bila nia mbaya, alisajili jina kwa barua pepe yake na kwa jina lake. Mwaka wa pili kijana alihama mji na kubadilisha namba ya simu, taarifa ya kulipia ada ikaenda kwenye barua pepe ambayo hakuna mwingine aliyeiona, na jina likaisha muda. Jirani aligundua pale mteja alipomuuliza kwa nini biashara imefungwa. Kwa hiyo, akaunti ya usajili ifunguliwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako ya simu. Nenosiri liandikwe na kuhifadhiwa pamoja na leseni ya biashara. Na mtengenezaji apewe ruhusa ya kufanya kazi yake tu. Ukishamlipa mtu, muombe akuoneshe ukurasa wa msajili wenye jina lako kabla hajaondoka.

Ukiwa na jina, unapata pia barua pepe inayoishia na jina hilo. Kwa mteja wa kawaida jambo hilo halina uzito mkubwa, lakini shule inayotaka madawati 200 au ofisi inayoomba proforma, yaani ankara ya awali, huliangalia, na mtunza ghala anayepaswa kumweleza mkuu wake kwa nini amekuchagua wewe hufarijika kuona anwani yenye jina la biashara.

Hatua ya tatu: mahali pa kuihifadhi na chombo cha kuijengea

Tovuti huwekwa kwenye seva, ambayo hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa kurasa tano hadi kumi, huduma ya chini kabisa ya kampuni yoyote inayoaminika inatosha. Uliza mambo matatu: kama cheti cha usalama, kinacholinda mawasiliano kati ya mteja na tovuti, kimo ndani ya bei, kwa kuwa vyeti vya Let's Encrypt hutolewa bure na hakuna sababu ya kuvilipia, kama nakala za akiba huchukuliwa kila wiki, na kama kuna mtu anayepokea simu tovuti inapozimika. Kampuni yenye seva ndani ya nchi ina faida yake. Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa, tovuti iliyohifadhiwa hapa hapa ingeweza kumfikia mteja wa hapa bila kuvuka bahari.

Chombo cha kujengea si jambo la kuumiza kichwa. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni programu ya bure, na mafundi wanaoijua wapo kila mji. Asiye na fedha za kumlipa mtu anaweza kuanza na Google Sites, ambayo nayo ni ya bure na inakubali kuunganishwa na jina lako, kisha akahamia kwingine biashara ikikua.

Hatua ya nne: andika kurasa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hakuna mtengenezaji wa tovuti anayeweza kukufanyia, kwa sababu hajui mbao zako. Karakana inahitaji ukurasa wa mwanzo, ukurasa mmoja kwa kila aina ya samani, ukurasa wa utaratibu wa kuagiza, na ukurasa wa kueleza ninyi ni nani na mpo wapi.

Ukurasa wa mwanzo uwe na sentensi moja juu kabisa inayosema unafanya nini, wapi, na kwa ajili ya nani. «Tunatengeneza vitanda, makabati na meza za mninga na mkongo hapa Keko, na tunafikisha Dar es Salaam na Pwani.» Baada ya sentensi hiyo ziwekwe picha tatu au nne za kazi zenu wenyewe, bei ya kuanzia ya bidhaa zinazoulizwa zaidi, na namba ya simu.

Ukurasa wa bidhaa ndio unaostahili muda wako. Tazama maelezo haya, ambayo bei na siku zake ni za mfano:

«Kitanda cha mninga, sita kwa sita. Sehemu ya godoro ina upana wa sentimita 183 na urefu wa sentimita 183. Ubao wa kichwani, mbavu na miguu ni mninga mtupu uliokaushwa. Chaga ni za paini. Bei inaanzia Sh 950,000, pamoja na kukifikisha na kukifunga ndani ya Temeke na Ilala. Kazi huchukua siku 12 tangu siku ya advansi, ambayo ni nusu ya bei. Godoro halimo. Ukitaka droo mbili chini ya kitanda, bei na siku huongezeka, tafadhali uliza.»

Maneno hayo hayafiki 80, lakini yamejibu maswali manne kati ya matano ya simu ile ya mwanzo, na lile la Kibaha limejibiwa na sentensi ya ukurasa wa mwanzo inayoitaja Pwani. Kipimo cha sentimita kimewekwa kwa sababu si kila aliye ng'ambo hupima chumba chake kwa futi, na chaga zimetajwa kuwa za paini kwa sababu mteja anayezigundua mwenyewe baada ya kulipa huona ametapeliwa, hata kama kila fundi wa mtaa hufanya hivyo. Ukweli mdogo wa aina hiyo, ukiusema mapema, humfanya mtu aamini na ule mkubwa.

Kuhusu bei, najua wengi huogopa kuziandika kwa kuhofia washindani au kwa kutaka nafasi ya mapatano. Nimeyasikia maneno «bei njoo inbox» kwa miaka, na msimamo wangu ni kwamba yanafukuza wateja wengi kuliko yanavyowalinda wauzaji. Mteja asiyeona bei hudhani ama ni kubwa kuliko uwezo wake, ama utamkadiria kwa kusikiliza lafudhi yake. Bei ya kuanzia haikufungi. Inawachuja wale ambao wangekupotezea muda na kuwatuliza wale walio tayari, na mapatano bado yanaweza kufanyika mkifika kwenye droo na vioo.

Ukurasa wa utaratibu ueleze hatua tangu kuulizia hadi kufikishiwa mzigo: advansi hulipwa vipi, mteja hutumiwa picha ya kazi ikiwa imefikia wapi, nani hulipa kirikuu ya kubebea mzigo, na nini hufanyika iwapo mlango utapinda ndani ya miezi michache. Kama una dhamana, iandike kwa muda kamili. Kama huna, usiiandike.

Lugha ya tovuti iwe ile ya wateja wako. Kwa karakana yetu Kiswahili kilitangulia, na kurasa mbili za Kiingereza ziliandikwa kwa ajili ya hoteli na mashirika yenye maofisa wageni. Usitegemee kitufe cha kutafsiri chenyewe, kwa kuwa mashine haijui chaga ni nini.

Hatua ya tano: picha

Picha za kuchukua mtandaoni zisiguswe kabisa. Mteja akiagiza kitanda alichokiona kwenye tovuti yako, na picha ile ikawa ya kiwanda cha nchi nyingine, utakuwa umejitengenezea ugomvi kwa mkono wako. Simu janja ya kawaida inatosha: toa samani nje asubuhi kabla jua halijawa kali, weka kitambaa au ukuta usio na vurugu nyuma yake, na piga picha ya mbele, ya ubavuni na ya karibu kwenye maungio.

Kwa lile swali letu la «mninga kweli au rangi», jibu lilikuwa picha moja ambayo hatukuwahi kufikiria kuipiga: mbao ile ile kabla ya vanishi, ikiwa imepigwa msasa tu, na pembeni yake mbao hiyo baada ya vanishi. Anayezijua mbao ataitambua mistari ya mninga, na asiyezijua huona kwamba fundi hana cha kuficha. Tangu picha hiyo iwekwe, swali hilo limepungua sana kwenye daftari.

Kisha punguza uzito wa picha, maana bando ni fedha ya mteja. Picha kutoka kwenye simu huweza kuwa na megabaiti 4. Ukiweka 12 kwenye ukurasa mmoja, unamlazimisha mteja kupakua megabaiti 48 ili aone vitanda. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na uzito hadi kilobaiti 150 kila moja, ukurasa wote haufiki megabaiti 2, na macho ya kawaida hayaoni tofauti kwenye kioo cha simu. Programu za kupunguza picha zipo nyingi na nyingine ni za bure.

Hatua ya sita: mfikishe mteja kwako

Tovuti ya karakana haina haja ya mfumo wa malipo ya kadi mwanzoni. Kinachohitajika ni kitufe cha WhatsApp kwenye kila ukurasa. Kiungo chake huandikwa wa.me, kisha mkwaju (/), kisha namba yako ikianza na 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha; kosa la kuiacha ile sifuri ibaki ni la kawaida na hukifanya kitufe kisifanye kazi bila wewe kujua. Kiungo hicho kinaweza kubeba ujumbe uliotangulizwa, ili mteja akibonyeza kwenye ukurasa wa kitanda, WhatsApp ifunguke ikiwa na maneno «Habari, naulizia kitanda cha mninga sita kwa sita». Fundi akiuona ujumbe huo hujua mara moja mteja ametokea ukurasa gani na amekwisha kusoma nini.

Kwa malipo, weka Lipa Namba ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, na andika waziwazi jina litakalotokea kwenye simu ya mteja kabla hajaweka namba ya siri. Watu wameumizwa na matapeli wa mitandaoni kiasi kwamba jina lisilofanana na la biashara humfanya mtu mwenye akili asitishe malipo, na yuko sahihi.

Mahali mlipo paelezwe kwa namna mbili. Kwanza, anwani rasmi yenye jina la barabara na namba ya jengo, zile zilizobandikwa katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022. Pili, maelekezo ambayo dereva wa bodaboda anayaelewa: kituo gani cha daladala, upande gani wa barabara, karibu na msikiti au duka gani.

Hatua ya saba: uonekane Google

Fungua wasifu wa biashara wa Google, ambao ni wa bure, na uuthibitishe; mara nyingi utatakiwa kurekodi video fupi inayoonesha kibao, mtaa na ndani ya karakana. Weka humo anwani ya tovuti yako. Uwe makini na saa: ukifungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, Google iandikie 08:00 hadi 18:00. Nimeona biashara nzuri zikioneshwa kuwa zinafunguliwa saa nane usiku kwa sababu mwenyewe aliandika saa ya Kiswahili, na mteja akafika kwenye ramani mchana na kuambiwa pamefungwa. Kwenye tovuti yenyewe endelea kuandika «saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni», kwa kuwa hapo anayesoma ni mtu.

Kichwa cha kila ukurasa kiwe na maneno ya daftari lako: «Vitanda vya mninga Keko, Dar es Salaam» hufanya kazi kuliko «Bidhaa zetu». Sajili tovuti kwenye Google Search Console, ambayo itakuonesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kukuona. Matokeo hayaji kwa siku moja. Subiri miezi mitatu kabla ya kuhukumu, na usimlipe mtu anayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki, kwa sababu hana uwezo wa kuitoa.

Wakati huo huo, peleka watu wewe mwenyewe. Anwani ya tovuti iandikwe kwenye wasifu wa Instagram, kwenye status, kwenye risiti, kwenye ubavu wa kirikuu na kwenye kibandiko kidogo nyuma ya kila kabati linalotoka karakana, ambacho miaka mitano baadaye kitasomwa na jirani wa mteja wakati wa kuhama nyumba.

Hatua ya nane: sheria na usalama

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza mtandaoni aeleze yeye ni nani na anauza nini, kwa hiyo ukurasa wenye jina la biashara, anwani na maelezo sahihi ya bidhaa si hiari tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za watu, na iko Tume inayosimamia usajili wao. Ushauri wangu kwa karakana ni kutokusanya zaidi ya jina, simu na mahali pa kufikisha mzigo, na kuiuliza Tume kuhusu usajili kabla ya kuweka fomu yoyote.

Washa uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na msimbo wa simu) kwenye akaunti ya msajili, ya seva na ya barua pepe, na sasisha WordPress pamoja na vipachiko vyake (programu ndogo za kuongezea kazi, yaani plugins) kila mwezi, maana tovuti nyingi ndogo huvamiwa kupitia kipachiko cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kuwa kipo.

Hatua ya tisa: itunze na uipime kwa daftari

Kila mwanzo wa mwezi tenga saa moja. Bei zikaguliwe zote, kwa kuwa mbao hazikai bei moja, na ukurasa wenye bei ya mwaka jana ni mbaya kuliko usio na bei. Bonyeza mwenyewe kitufe cha WhatsApp kwa kutumia simu ya mtu mwingine. Ondoa picha za samani ambazo hamtengenezi tena. Tarehe ya kulipia jina la kikoa iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, ile inayotazamwa na kila mtu karakana, na mkumbushane mwezi mmoja kabla.

Takwimu za wageni wa tovuti zipo na zinasaidia, ila kipimo ninachokiamini ni lile daftari la hatua ya kwanza. Kila mteja aulizwe ametufahamu wapi, na jibu liandikwe pembeni ya jina lake pamoja na kiasi alicholipa. Maswali nayo yaendelee kuandikwa. Swali linaloulizwa mara kwa mara ilhali jibu lake lipo kwenye tovuti maana yake jibu limejificha au halieleweki, na ukurasa huo unapaswa kuandikwa upya. Mwezi uliopita sisi tulibaini kwamba watu wanne waliuliza kama kabati la ukutani linaweza kupita kwenye ngazi ya ghorofa, jambo ambalo hatukuwahi kuliandika popote. Mjomba ameshapima vipande vikiwa vimefunguliwa, na vipimo hivyo vinaingia kwenye ukurasa wa makabati wiki hii.